Kupanga nyumba Toronto: maswali ya waliofika karibuni

Majibu haya yanafuata sheria ya mkoa wa Ontario. Aliye Montreal au Calgary asiyategemee, maana kila mkoa una sheria yake.

Nimetoka Dar miezi mitatu iliyopita. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dola 500 za uharibifu, kwa kuwa sina rekodi ya mikopo Kanada. Nilipe?

Dar kulipa miezi sita au mwaka mzima ni kawaida, ndiyo maana wageni wetu wengi wanatoa bila kuuliza. Hapa anachoruhusiwa kudai kabla hujaingia ni kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi wa mwisho, basi. Amana hiyo kazi yake ni kulipia mwezi wako wa mwisho tu. Hawezi kuikata kwa sababu ukuta umechafuka, na kila mwaka anapaswa kukulipa riba juu yake. Pesa ya uharibifu hairuhusiwi kabisa. Ya funguo inaruhusiwa, ila isizidi gharama ya kuchonga funguo nyingine, na unarudishiwa ukizirudisha.

Kuhusu mikopo, sheria ya haki za binadamu ya Ontario hairuhusu ukataliwe kwa sababu tu huna rekodi. Rekodi mbaya ni habari nyingine. Mpe kitu cha kushika mkononi: barua ya mwajiri yenye mshahara, hati za malipo, taarifa ya benki, na mdhamini kama unaye. Kama pesa umeshaitoa, jaza fomu T1 uipeleke kwenye baraza la wenye nyumba na wapangaji, ambalo watu wanaliita LTB. Una mwaka mmoja tangu siku ulipolipa. Na kila unapolipa taslimu, dai risiti. Ni haki yako na haina malipo.

Dalali amenitumia video ya besimenti (makazi ya chini ya ardhi) huko Scarborough, mashariki ya Toronto, bei nafuu sana. Anataka niwahi kutuma amana kwa e-Transfer, yaani kutuma pesa kutoka benki kwa barua pepe au simu.

Usitume. e-Transfer ikishapokelewa huwezi kuirudisha, na matapeli huchukua picha za nyumba ya mtu mwingine na kuitangaza chini ya bei ya soko. Nenda mwenyewe, au mtume unayemwamini, na aingie mpaka ndani. Pesa itoke siku ya kusaini, funguo zikiwa mezani.

Ukishuka ngazi, tangulia na pua. Harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi ni unyevu, hata kama rangi ya ukutani ni mpya. Rangi mpya iliyoishia futi moja kutoka sakafuni, huku juu ni ya zamani, mara nyingi inafunika alama ya maji. Inama konani uguse ukuta. Ukiona unga mweupe kama chumvi kwenye zege, maji yamekuwa yakipenya. Inua na ncha ya kapeti.

Kisha fungua dirisha la chumba cha kulala ujaribu kupitisha mabega. Kama mlango wa kutokea ni mmoja, unapitia jikoni, na dirisha halikupitishi, moto ukianzia jikoni usiku huna pa kutokea. Nyumba hiyo iache, hata kama umehangaika miezi miwili. Bonyeza pia kitufe cha king'ora cha moshi usikie kama kinalia. Kinatakiwa kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala, na penye tanuru la gesi kiwepo cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, pia.

Nimepanga chumba, tunashirikiana jiko na mama yake mwenye nyumba. Sheria hizi zinanihusu?

Hapana, na hili linawaumiza wengi. Ukishirikiana jiko au bafu na mwenye nyumba, au mwenzi wake, mtoto wake au mzazi wake anayeishi humo, sheria ya upangaji haikulindi. LTB haitakusikiliza. Andikianeni makubaliano: kodi, siku za notisi, nani anatumia nini. Tangu majira ya joto ya 2023, waomba hifadhi wa Kiafrika walipolala nje katika Mtaa wa Peter na makanisa yakawapokea, tunaona familia nyingi zikianzia maisha kwenye vyumba vya namna hii. Ikiwa unashirikiana na wapangaji wenzako tu, umelindwa.

Fleti ina baridi na kunguni, na meneja hapokei simu. Nizuie kodi?

Usizuie. Ukizuia atakupa N4, notisi ya kulipa au kuhama, na mbele ya LTB mwenye kosa utakuwa wewe. Lipa, halafu mbane kwa maandishi.

Kwa sheria ya jiji, majira ya baridi joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 21. Nunua kipimajoto, kiweke katikati ya chumba, mbali na dirisha, na ukipige picha asubuhi na usiku. Siku hiyohiyo mwandikie meneja, ukitaja namba ya fleti na nyuzi ulizoona. Jengo lenye ghorofa tatu au zaidi na fleti 10 au zaidi liko chini ya mpango wa jiji wa RentSafeTO: kukosa joto au maji ni dharura ya kujibiwa ndani ya saa 24, mengine ndani ya siku 7. Akinyamaza, piga 311, namba ya huduma za jiji, na uandike namba ya kumbukumbu utakayopewa. Wengi hupiga 311 kabla ya kumwandikia meneja, na swali la kwanza wanaloulizwa ni kama wamemwandikia.

Dawa ya kunguni analipa mwenye nyumba. Maandalizi ni yako. Nguo na mashuka yaende kwenye mashine ya kukaushia, moto wa juu, dakika 30, kisha yafungwe kwenye mifuko mipya. Ile uliyobebea nguo chafu itupe. Sogeza kitanda mbali na ukuta. Usipulize dawa ya dukani, itawatawanya mpaka kwa jirani. Na mpuliziaji arudi baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu mayai hunusurika mara ya kwanza. Kochi ulilolikuta kando ya barabara liache hapohapo.

Mwenye nyumba ameandika WhatsApp kwamba mwanawe anaoa, tuhame mwisho wa mwezi.

Ujumbe wa WhatsApp hauhamishi mtu. Inatakiwa fomu N12, notisi isiyopungua siku 60 inayoishia siku ya mwisho ya kipindi cha kodi, na mkataba wa mwaka hauvunjwi katikati. Kwa kawaida anapaswa kukulipa kodi ya mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, au akupe nyumba nyingine inayokufaa, na mwanawe awe na nia ya kukaa humo angalau mwaka. Hata N12 yenyewe si amri: una haki ya kubaki hadi LTB iamue, na wa kukutoa ni sherifu, afisa wa mahakama, peke yake. Akibadilisha kitasa, amevunja sheria. Tahadhari na karatasi moja, N11. Ukiisaini, umekubali kuondoka mwenyewe.

Niombe nyumba ya ruzuku, au napoteza muda?

Omba leo. Kodi yake hukadiriwa kwa takriban asilimia 30 ya kipato, na mwomba hifadhi anaruhusiwa. Foleni ni ya miaka mingi. Kila ukibadilisha simu au anwani, wajulishe wanaoshughulikia maombi, maana barua isipojibiwa jina linaweza kufutwa. Wakati unasubiri piga 211, namba ya kuelekezwa kwenye huduma za jamii, uombe mkalimani wa Kiswahili, na uulizie msaada wa kodi ya nyumba wa Canada-Ontario Housing Benefit.