Majivu ya volkano na mtu mwenye pumu

Dada, umesema mdogo wako anatoka hapa Dodoma kwenda kufundisha Engaresero, chini kabisa ya Ol Doinyo Lengai, na ana pumu, afanyeje mlima ukilipuka. Aisee majivu yale sio ya kuni, ni vipande vidogo vya mawe vyenye makali, yakiingia jichoni asisugue hata kidogo, asuuze na maji safi mengi. Ule mlima ulilipuka vibaya 2007 kwahiyo asichukulie poa. Abebe inhela na barakoa za N95, zile zinazochuja vumbi laini, kitambaa tu hakimtoshi, abaki ndani madirisha yamefungwa na ndoo za maji zifunikwe. Kwenye gari asiwashe waipa kioo kikiwa kikavu, kitachubuka chote. Akifagia anyunyizie maji kidogo kwanza yasitimke, ila juu ya bati asimwage maji, majivu yakilowa yanakuwa mazito sana paa linaweza kubonyea.