Mashine ya kuosha sakafu inaacha maji: ni mota kweli?

Swali: Tuna hoteli ndogo hapa Malindi. Mashine yetu ya kuosha sakafu, ile ya betri inayosukumwa kwa mkono, imeanza kuacha maji nyuma. Fundi anataka tununue mota mpya ya kuvuta maji. Tununue?

Jibu: Msinunue bado, ndugu yangu. Tazameni kwanza maji yanabaki vipi.

Likibaki mstari mmoja mwembamba, mahali pale pale kila mkipita, mota haina kosa. Kuna kitu kimenasa kwenye ule mpira mrefu wa nyuma unaokusanya maji, au umechanika. Kwenu mshukiwa wa kwanza ni mchanga wa ufuoni, unaoingia na miguu ya wageni. Vueni mpira, muuoshe, kisha mpitishe kidole ukingoni taratibu. Mkihisi pengo au ukingo umeviringika, ugeuzeni; mipira mingi ina kingo nne za kutumia kabla ya kutupwa. Na mfagie kabla ya kuosha. Mashine hii si ufagio, na mchanga ukilowa hula mpira na brashi.

Maji yakibaki kwenye kona tu, anayeendesha anakata kona kwa ghafla. Apunguze mwendo na azungushe kwa upana.

Yakibaki mapana, upana mzima wa mashine, hapo uvutaji ndio umepungua. Chomoeni hozi kwenye mpira, mashine ikiwa inavuta, mzibe mdomo wake kwa kiganja. Ikivuta kwa nguvu, njia imeziba hapo kwenye mpira wenyewe. Ikivuta kidogo, angalieni hozi kama imeziba au imepasuka, kifuniko cha tangi la maji machafu kama kimekaa sawa, na chujio na boya ndani yake. Povu likijaa, boya hupanda na kuziba njia ya hewa kana kwamba tangi limejaa. Chanzo huwa sabuni ya kuoshea vyombo. Tumieni sabuni ya mashine isiyotoa povu, kwa kipimo cha kwenye chupa. Yote haya yakiwa sawa na bado haivuti, hapo msikilizeni fundi.

Kama sakafu inakauka vizuri kisha yanatokea madoa meupe, hayo ni maji ya kisima yenye chumvi. Mbadilishe maji, si mashine. Wala msikimbilie asidi ya chooni kuyatoa: inaila terazo.

Maji hayo ya kisima yasikaribie betri pia. Betri za kujazwa hutiwa maji yaliyotoneshwa tu (distilled water, yasiyo na chumvi), baada ya kuchaji, yafunike mabamba ya risasi yaliyo ndani kwa kiasi cha sentimita moja. Mkijaza kabla ya kuchaji, asidi itafurika na kula trei.