Doula anafanya nini ambacho mkunga hafanyi?

SWALI: Nina mimba ya kwanza, wiki ya 31, naishi Mombasa. Shoga yangu ananihimiza nitafute doula. Hospitali kuna wakunga na madaktari, sasa huyu anakuja kufanya nini? Na mama yangu hawezi kuishika kazi hiyo?

JIBU: Hongera, dada. Mimi ni mkunga, na nimefanya kazi na madoula wazuri na wengine wa kusumbua, kwa hiyo nitakwambia waziwazi.

Mkunga ndiye anayesikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, anayepima njia imefunguka kiasi gani, anayempokea mtoto na kukushona ukichanika. Doula hayagusi hayo. Akitaka kukupima njia, au akikuletea dawa ya kuongeza uchungu, hata ikiwa ya mitishamba, mwondoe.

Kazi ya doula ni kukaa nawe muda wote wa uchungu, akikutuliza na kukusaidia. Mimi zamu ya usiku naweza kuwa na wazazi wanne. Nikiitwa kitanda cha pili, wewe unabaki peke yako. Doula habanduki.

Mfano: mtoto akiwa amelalia mgongo wake kwenye mgongo wako, maumivu yote hukusanyika kiunoni. Doula anakuinamisha ushikilie kitanda, anaweka kiganja kwenye fupa lililo juu kidogo ya makalio, anakandamiza kwa uzito wa mwili wake. Hasugui, anakandamiza tu, mpaka uchungu upite, kama dakika moja hivi. Ukipita, anakupa maji funda mbili, anakufuta jasho kwa leso, anakukumbusha kwenda kukojoa, maana kibofu kikijaa humzuia mtoto kushuka. Kisha unaanza mwingine. Hebu fikiria kufanya hivyo saa nane mfululizo! Mikono yangu haiwezi, na sina aibu kukiri.

Wala si starehe ya matajiri tu. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya, yaliyojumlisha majaribio 26 na wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kuwa wenye mtu wa kukaa nao muda wote walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, wakapasuliwa kwa uchache, na uchungu wao ukawa mfupi.

Mama yako? Anaweza, tena vizuri, ikiwa hatatishika. Nimewahi kumtoa nje mama aliyekuwa akilia kuliko bintiye. Mlete kliniki siku moja, tumfundishe pa kukandamiza.

Ukiamua kumchukua doula, uliza hospitali mapema kama inaruhusu msindikizaji leba, na kama ni mmoja tu, chagua kati yake na mumeo kabla ya siku yenyewe. Bei mpatane mapema pia, pamoja na nani atakuja yeye akiwa kwa mzazi mwingine.

Damu ikitoka, au mtoto akipunguza kucheza, usimngoje doula. Nenda hospitali, atakukuta huko.