Jibu kwa mwalimu wa Nakuru: kitabu cha hadithi za dunia nzima, na watoto wanaopiga miayo

Mwalimu, umeuliza ni mkusanyo gani wa hadithi za hekima za mataifa mengi unaofaa kusimuliwa, kwa sababu ulio nao una hadithi za kila bara lakini watoto wako wa gredi ya tano wanapiga miayo kabla hujafika katikati. Mimi husimulia Jumamosi hapa Kisumu, watoto wengi wakitoka Nyalenda na Manyatta, na vitabu vya aina hiyo nimepitia si haba.

Naona tatizo liko kwenye kitabu, watoto hawana kosa. Mikusanyo mingi ya namna hiyo huimenya hadithi hadi ibaki nusu ukurasa, kisha chini yake linabandikwa funzo. Nyimbo zimetolewa, majina yametolewa, hata matusi. Kikiandika tu "hadithi ya Kiafrika" bila kusema ni ya watu gani, mwachie muuzaji. Afadhali kitabu cha jamii moja kilichokusanywa kwa subira, kama cha Rattray cha hadithi za Waashanti wa Ghana, 1930, au cha Steere cha hadithi za Zanzibar, 1870, chenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kwa Steere unamsikia msimulizi mwenyewe akinena.

Humo ndimo nilimotoa kima na papa. Wanafanya urafiki penye mkuyu, papa anambeba kima baharini, na njiani anamwambia kweli: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao wakisafiri huacha mioyo yao mitini, basi warudi wakauchukue. Akishakwea, hashuki ng'o. Papa anapomwita, anamsimulia hadithi nyingine, ya punda wa dobi aliyekubali kudanganywa na sungura aende kwa simba mara ya pili. Angalia hekima inakaa wapi hapo: mdomoni mwa mnyama anayetaka kuishi, akizungumza na aliyetaka kumuua. Hadithi hizo zilijengwa hivyo tangu India, kwenye Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za wanyama, kabla ya kupita Uajemi na kuingia katika Kiarabu karibu mwaka 750 kwa kalamu ya mfasiri Ibn al-Muqaffa, zikaitwa Kalila wa Dimna. Watoto wa huku papa hawamjui, kwa hiyo mimi humfanya mamba. Kule India pia ni mamba, basi hakuna aliyeibiwa.

Jambo ninalotaka ulichukue ni hili: usisimulie hadithi ya mbali peke yake. Itafutie ndugu yake wa nyumbani, uzisimulie zote mbili siku moja.

Mimi huanza na Nyamgondho wa Gwassi, hadithi ya Wajaluo wa kando ya Ziwa Victoria. Mvuvi maskini, mtego wake unanasa bibi kizee ziwani, anampeleka nyumbani, na boma linajaa ng'ombe. Utajiri unampanda kichwani, anakuja usiku amelewa, anamtukana yule bibi kwamba alimuokota majini. Bibi anaondoka kimya kurudi ziwani, na mali yote inamfuata. Hapo mimi hunyamaza, watoto wenyewe wataje nani anafuata: ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku na vifaranga, na lazima mmoja aseme paka. Nyamgondho anabaki ufukweni ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Siku moja kijana wa kutoka Suba, huko huko Gwassi iliko, alisimama akasema huo mti ameuona, na wenzake wakamtazama kama waziri.

Halafu ndipo ninapowapeleka Wales, kwenye ziwa liitwalo Llyn y Fan Fach. Kijana mchungaji anaoa mwanamke aliyetoka majini na ng'ombe wake, kwa sharti kwamba akimpiga mara tatu bila sababu atarudi alikotoka. Anampiga vipigo vyepesi tu, lakini vitatu vinatimia. Mwanamke anawaita ng'ombe kwa majina. Wale waliokuwa wakilima wanakwenda na plau yao, wakichora mfereji hadi majini. Hata ndama mweusi aliyekwisha kuchinjwa, anayening'inia kwenye kulabu, anashuka mzima na kuwafuata. Hapo hakuna anayepiga miayo! Mabishano yanaanza bila mimi kuuliza lolote: nani alikosa zaidi, na kwa nini kuku wa Wales hawakufuata.

Ndiyo maana lile swali la "hadithi hii inatufunza nini" mimi siliulizi. Najua mtaala unalipenda, na siku ya ukaguzi uliza. Lakini mtoto akijua swali linakuja, anaacha kumsikiliza Nyamgondho na kuanza kutafuta jibu.

Kuhusu nyimbo, kitabu hakitakusaidia, hata kilicho bora. Maneno yanachapwa, sauti haichapwi. Nakuru una bahati kwa sababu darasa moja lina Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya na Waturkana. Watume kwa nyanya zao, waje na wimbo, hadithi utaitafuta baadaye. Na usimsahau Abunuwasi. Ile ya sufuria iliyozaa na kufa, Waturuki humpa Hoja Nasreddin, na inahitaji sufuria mbili tu na mtoto mwenye uso mkavu.

Kama kitabu chako kina Anansi, yule buibui mjanja wa Waashanti, na chungu cha hekima, usikitupe bado. Anansi amekusanya hekima yote ya dunia chunguni na anataka kuificha juu ya mti, lakini amekifunga tumboni na kila akikwea kinamzuia. Chini yupo mwanawe Ntikuma akitazama. Jifunge sufuria kweli, mbele, uparamie ukuta wa darasa. Mtoto yeyote aliyewahi kubebwa na mama yake atakuambia uihamishie mgongoni kabla Ntikuma hajafungua mdomo. Usimjibu. Endelea kukwea.