Nairobi hadi New York: Tiketi Yasema Saa 7, Jirani Asema Saa 15

SWALI: Mhariri, mwanangu anayeishi Marekani amenikatia tiketi ya ndege ya moja kwa moja ya mwezi Januari. Imeandikwa kwamba nitaondoka Nairobi 23:00 na kuwasili New York 06:00 kesho yake, ilhali jirani yangu anashikilia kwamba safari hiyo huchukua saa 15. Kurudi, naondoka 12:30 na kufika Nairobi 10:30 siku ya pili. Mbona kwenda ni saa 7 na kurudi ni saa 22, na njia ni ile ile? – Mama wa watatu, Mombasa

JIBU: Mama, jirani yako amesema kweli, na tiketi yako pia haina kosa, kwa sababu kila wakati uliochapishwa humo ni wa mji ambao ndege inaondokea au inatua. Mwezi Januari New York huwa nyuma ya Nairobi kwa saa 8, na tofauti hiyo hupungua kuwa saa 7 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, Wamarekani wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele. Ndege yako ikiruka saa tano usiku, New York ndiyo kwanza ni saa tisa alasiri. Hesabu kutoka hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi, utapata saa 15 kamili. Kwa kurudi, toa zile 8 katika 22, zitabaki 14.

Umbali wenyewe, kwa mstari mfupi kabisa, ni kilomita zipatazo 11,840. Ukinyoosha uzi kwenye ramani ya ukutani utauona ukipita Kongo na Nigeria, lakini ramani hiyo imeitandaza dunia ambayo ni ya mviringo. Unyooshe uzi huo juu ya tufe, nao utapanda kaskazini-magharibi kupitia Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Sudan, Chad na jangwa la Algeria, kisha utokee baharini kwenye pwani ya Moroko. Rubani hafuati uzi huo hatua kwa hatua: tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, mashirika mengi yamekuwa yakiikwepa anga ya nchi hiyo, na kuzunguka huko huongeza dakika.

Ile saa moja inayopungua wakati wa kurudi huletwa na upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, kuna mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao huivuta nyuma ndege inayokwenda Marekani na kuisukuma ile inayorudi.

Nakushauri, Mama, usibadilishe saa yako ya mkononi mpaka utue. Itakuonyesha saa nane mchana ya Mombasa, na nje ya dirisha bado giza.