Kabla hujaenda Kariakoo kumtafuta Chase

Mwanangu wa pili ana miaka mitano, na kwake kila mbwa anayepita mtaani kwetu Tabata ni Chase. Chase ni yule mbwa polisi wa PAW Patrol; kama humjui, una bahati. Filamu yao ya mwaka 2023, ile ambayo kimondo kinaanguka mjini na mbwa wanapata nguvu za ajabu, tumeiona mpaka mama yake anaitikia maneno akiwa jikoni anakuna nazi.

Jumapili moja nikaweka simu kando, nikakaa naye mwanzo mpaka mwisho. Mbwa wakishapata zile nguvu, wanapata na mavazi mapya na magari mapya. Filamu haijaisha, mtoto kanigeukia: "Baba, Chase wangu hana nguvu."

Chase wake, yule mdoli, nilikuwa nimemnunua miezi minne tu iliyopita.

Kabla hujamgombeza mwanao kwa tamaa, jua kwamba mambo yamepangwa hivyo. PAW Patrol ilianza kurushwa mwaka 2013, na nyuma yake kuna Spin Master, kampuni ya midoli ya Kanada. Wala si mchezo mpya. Mwaka 1984 Marekani ililegeza masharti ya matangazo kwenye vipindi vya watoto, na katuni za midoli zikafurika. Miaka miwili baadaye filamu ya Transformers, wale roboti wanaogeuka magari, ikamuua kiongozi wao Optimus Prime, kwa sababu midoli ya zamani ilitakiwa kupisha mipya dukani. Watoto walilia kwenye kumbi za sinema. Kwa wenye mali ile ilikuwa bidhaa iliyopitwa na wakati, kwa mtoto amefiwa. Mwaka 1987 ikabidi wamfufue.

Mimi nilifanya kosa la wazazi wengi: nilikwenda Kariakoo wiki ileile kumtafuta Chase mpya na gari lake. Mtaa wa Kongo nikatajiwa elfu kumi na tano, nikashusha mpaka elfu tisa, nikajiona mjanja. Stika ya polisi ilibandikwa kichwa chini. Daladala haijafika Buguruni, gurudumu la nyuma limeshatoka, na mtoto analia abiria wote wananitazama mimi.

Tangu hapo nyumbani hakinunuliwi kitu cha filamu mpaka mwezi mmoja upite. Mara nyingi anasahau. Asiposahau, basi anakitaka kweli, na hapo tunavunja kibubu chake, siyo pochi yangu. Jingine, mkiangalia pamoja muulize katikati: "Hivi huyu alihitaji gari jipya, au la zamani lingetosha?" Usimhubirie, muulize tu kisha unyamaze. Wangu siku hizi ananiwahi: "Baba, wamebadilisha nguo tena!" Anacheka, na filamu anaifurahia vilevile. Kumkatazia kabisa sikushauri, ataiona kwa jirani.

Na si zote ni za kubezwa. Filamu ya LEGO, vile vipande vya plastiki vya kujengea, ya mwaka 2014 ni tangazo la saa moja na nusu na zaidi, lakini ndani yake kuna baba anayegandisha vipande kwa gundi ili mwanawe asivichezee. Niliiangalia nikajisikia vibaya. Kabatini kwetu, juu kabisa, kulikuwa na Chase niliyempandisha mwenyewe "asiharibike".

Nikamshusha. Jioni hiyo bibi yake, aliyekuwa amekuja kutusalimia, akakata kipande cha foili iliyofungia chipsi, akakifuta mafuta kwa kanga, akamfunga Chase mgongoni kwa uzi. Boksi la viatu likawa gari, vizibo vinne vya soda vikawa magurudumu.

"Sasa ana nguvu?" bibi akauliza.

Mtoto akamgeuza, akamkagua kama fundi. "Anazo. Lakini ananukia chipsi."