Tuliosoma kabla ya kuona

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza kama riwaya zinazotungwa kutokana na tamthilia za runinga ni riwaya kweli, au ni makombo ya kioo tu. Mimi nasema zipo zilizo riwaya hasa, na wa kuzipima ni mtu ambaye tamthilia yenyewe hajaiona.

Tuliokulia Dodoma miaka ya themanini tulikuwa watu wa namna hiyo. Zanzibar walishapata televisheni tangu miaka ya sabini, sisi wa bara tukangoja hadi 1994. Lakini vitabu vya Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya wasafiri wa chombo cha angani, na vya Doctor Who, ya Kiingereza ya msafiri wa nyakati, vilitufikia kwa wauza vitabu vya mtumba, vingine vimeng'oka majalada. Spock, mmoja wa mabaharia wa chombo cha Star Trek, nilimjua bila sura ya mwigizaji yeyote. Mwandishi akizembea kueleza, sikuwa na picha ya kujazia.

Kwa kipimo hicho, James Blish anapita kwa taabu. Kuanzia 1967 aligeuza vipindi vya Star Trek kuwa hadithi fupi akitumia miswada ya waigizaji, na inaonekana: watu wanajibizana, wanapigana, kisa kimekwisha, na chombo walichomo hata hujakiingia. Terrance Dicks, aliyeandika zaidi ya vitabu 60 vya Doctor Who, lugha yake nyepesi mno, ila kwa mistari miwili ameshakuweka mahali. Na si sisi tu tuliomsoma bila picha. BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya sitini. Kisa cha The Abominable Snowmen kilirushwa 1967 kwa sehemu 6, ikasalia moja. Dicks alipokitolea kitabu mwaka 1974, mtoto wa London aliyekikosa hakuwa na pa kukiona tena. Alisoma kama mimi.

Udhaifu wa vitabu hivi naujua: mwishoni kila kitu lazima kirudi kilipokuwa, maana tamthilia haiguswi. Katika The Entropy Effect, riwaya ya Star Trek ya Vonda McIntyre (1981), nahodha Kirk anauawa, na hakuna msomaji anayetandika msiba. Hata hivyo humo ndimo Sulu, mwendesha chombo, alimopewa jina la Hikaru, na filamu ya Star Trek ikalichukua miaka kumi baadaye. Nyota, jina la kwanza la Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo hicho, nalo lilitoka vitabuni, likasikika kwenye filamu ya 2009. Makombo gani hayo yanayomlisha mwenye chungu?

Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, ilipokwisha 1999, waandishi wa riwaya waliiendeleza wenyewe kuanzia 2001. Tamthilia mpya za Star Trek zikaja na habari zinazopingana na za riwaya hizo, na mwaka 2021 vikatolewa vitabu vitatu vya kuufunga mkondo ule. Wapo waliolia kwamba walichosoma miaka yote sasa "si kweli". Sijawaelewa. Kwenye vibanda umiza vyetu mtafsiri wa filamu huongeza maneno yake, hubadili hata ugomvi ulikoanzia, na watu hulipa kiingilio kwa ajili yake. Hakuna anayedai aletewe cheti kutoka Hollywood.

Anayetaka kuanza aanze na McIntyre, kisha Dicks. Blish waachiwe wanaokusanya majalada.

Msomaji wenu,
Makole, Dodoma